Shangazi, kibendera kimenifuata hadi kwenye vichanja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi kando ya ziwa upande wa Ilemela hapa Mwanza. Nina shughuli mbili, na kwa sasa zote zimeniharibikia kwa pamoja.

Ya kwanza, ni mshika kibendera wa mpira wa miguu, yule mwamuzi wa pembeni. Nilisoma kozi ya uamuzi, nina daraja la tatu, na mara nyingi nachezesha ndondo za mitaani. Ya pili, nipo kwenye kikundi cha kina mama 24 tunaoanika na kuuza dagaa. Mwaka wa tatu huu wenzangu wamenipa kazi ya kupima mzigo. Gunia likija, mimi ndiye nasema liende daraja la kwanza, la pili, au lirudi kichanjani. Mtu akirudishiwa gunia lake inamuuma, lakini sijawahi kulalamikiwa.

Ndondo yetu huchezwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu. Mwezi uliopita timu ya mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, ilikuwa inacheza mechi ya pili ya makundi. Dakika ya 83, 0–0, wao walikuwa wanashambulia, wakapoteza mpira, ukapigwa mrefu kurudi upande wangu. Nilianza kukimbia, lakini watu walikuwa wameingia hadi mstarini na pikipiki moja imeegeshwa pale pale ninapopita. Nikaizunguka. Mpira ulipopigwa nilikuwa nyuma ya beki kwa kama hatua mbili. Namba 11 wa wapinzani alikuwa upande wa mbali, ng'ambo ya beki. Niliwaona wamelingana. Sikunyanyua kibendera. Akafunga. Mwamuzi wa kati akanitazama, nami nikakimbia kuelekea katikati. Mpira ukaisha 1–0.

Jioni ile ile ikaanza kuzunguka klipu kwenye makundi ya WhatsApp. Imechukuliwa na kijana aliyekuwa amekaa juu ya bodaboda karibu na kibendera cha kona, upande wangu. Wameisimamisha, wamechora mstari mwekundu, na namba 11 anaonekana amemtangulia beki kwa mita 2 nzima. Tangu siku hiyo nikipita nasikia, "Macho ya dagaa anayo, ya mpira hana."

Mama wa nahodha wa timu ile yupo kwenye kikundi chetu. Hakunitukana. Aliacha tu kunisalimia.

Giza la mwezi lilipoingia, kazi ya dagaa ikaanza tena. Siku moja mvua ilinyesha mchana, na jioni yake yule mama akaleta magunia matatu. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Juu walikuwa wakavu, katikati walikuwa baridi, na nilipomkunja mmoja hakukatika, alijikunja kama jani. Siku nyingine ningesema, "Mama, warudi kichanjani." Siku ile nikasema, "Sawa, daraja la kwanza." Akaniambia, "Ahsante mwanangu." Ndiyo mara ya kwanza aliongea nami tangu ile mechi.

Tulipeleka magunia 40 sokoni Kirumba Mwaloni. Mnunuzi akafungua siku ya nne, akakuta ukungu kwenye matatu, akakata bei ya mzigo wote. Kila mwanachama kapungukiwa. Jumamosi hii tuna kikao cha mwezi, na ajenda ya kwanza ni hiyo. Hakuna anayejua kwamba niliona unyevu nikapitisha.

Mume wangu anasema niache kibendera, posho ya 10,000 haifanani na matusi ninayopata. Mkufunzi wangu wa uamuzi anasema mwamuzi haombi radhi, kwani akiomba mara moja ataombeshwa kila wiki. Mwenyekiti wa kikundi anasema nikae kimya, yatapita. Mimi nafikiria nisimame Jumamosi nikiri mbele ya wote kwamba goli lile lilikuwa la kuotea, yaani mfungaji alikuwa amemtangulia beki mpira ulipopigwa, kisha niache vyote viwili, kibendera na upimaji.

Nisisahau hili: mbalamwezi hii nilipangiwa tena mechi ya timu ya mwaloni. Dakika ya 20 mpinzani wao alikuwa anakwenda golini, nikanyanyua kibendera. Sikuwa na uhakika. Lakini nikiri, roho yangu ilitulia.

Nishauri Shangazi.
Mshika kibendera, Mwanza


MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Pole kwa hayo unayoyasikia njiani. Kuchezesha ndondo mbele ya majirani ni kazi ngumu kuliko kuchezesha uwanja wa Nyamagana, maana wa Nyamagana filimbi ikilia unarudi kwenu, na huyu wa ndondo watazamaji wake ndio kwao.

Umeniandikia kuhusu goli. Lakini ndani ya barua yako kuna maamuzi matatu: kibendera ambacho hukukinyanyua, magunia matatu uliyoyapitisha, na kibendera ulichokinyanyua mbalamwezi hii. Unataka kukiri lile la kwanza. Hilo la mwisho umelitupia chini kabisa, baada ya "nisisahau". Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja na kila mara jicho langu linaishia hapo.

Tuanze na goli hata hivyo, kwa sababu unataka kusimama mbele ya wenzako 23 na kusema jambo ambalo sidhani kama unalijua. Unasema lilikuwa la kuotea kwa sababu klipu inasema hivyo. Hebu tuikague klipu. Kuotea kunapimwa kwa mstari unaokata uwanja sawasawa na beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa kati ya hao wawili. Anayeweza kuupima ni aliyesimama juu ya mstari huo. Kijana wa bodaboda alikuwa kwenye kona. Tuseme alikuwa mita 12 karibu na goli kuliko beki, beki yupo mita 30 kutoka pembeni, na namba 11 yupo mita 10 ng'ambo ya beki. Kwa pembe hiyo, hata mshambuliaji aliye nyuma ya beki kwa mita 3 ataonekana upande wa golini. Mstari mwekundu waliouchora kwenye kioo cha simu umefuata jicho la kamera, na kamera imekaa pabaya.

Usinisadiki kwa maneno. Nenda ufukweni na miti miwili ya kichanja. Simika mmoja mita 30 kutoka unaposimama, wa pili mita 10 nyuma ya huo, ukiutazama unafichwa na wa kwanza. Sasa tembea kiubavu hatua 12 kwenda kulia. Mti wa mbali utauona umehamia kulia kwa wa karibu, na hakuna aliyeugusa. Fanya hivyo pamoja na yeyote anayekuonyesha klipu.

Tena simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 23 kati ya picha na picha, na beki anayepanda kumwotesha anasogea kinyume chake. Aliyeisimamisha klipu akichagua picha moja baada ya ile ambayo mpira uliguswa, tayari ameongeza karibu nusu mita.

Lakini kipimo hicho hicho kinakugeukia nawe. Ulikuwa nyuma ya mstari kwa hatua mbili, sema mita moja na nusu, na namba 11 alikuwa ng'ambo. Kutoka hapo, mtu aliyeotea kwa nusu mita utamwona amelingana. Na kulingana si kuotea. Sheria iko hivyo tangu 1990. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la Nature kwamba makosa mengi ya washika bendera yanatokana na hili hili, mahali walipokuwa wamesimama, wala si uzembe wala upendeleo. Kwa hiyo klipu inamsukuma mchezaji mbele, wewe ulimvuta nyuma, na ukweli uko mahali fulani katikati ambapo hapakuwa na jicho la mtu.

Unachokijua kwa hakika ni kidogo, na ni chako kabisa: sikuwa kwenye mstari. Hiyo ni kauli tofauti sana na "lilikuwa la kuotea".

Ukishaitenganisha hivyo, maneno ya mkufunzi wako nayo yanaeleweka vizuri. Uwanjani yuko sahihi. Sheria ya 5 inasema mchezo ukishaanzishwa tena, mwamuzi hawezi kurudi nyuma kubadili uamuzi wa namna ile, na mshika kibendera anayejieleza kwa mashabiki dakika ya 84 anawasha moto. Sijui tu kama alimaanisha mwamuzi asiseme popote. Kwa mwamuzi wa kati na kwa kamati ya mashindano, kusema "nilichelewa hatua mbili kwa sababu mstari ulikuwa na watu na pikipiki" ni taarifa ya kazi, na inamfaa atakayeshika kibendera baada yako. Je, uliisema? Na mwamuzi wa kati alipokutazama, alikuwa na shaka gani? Kwenye barua yako hayupo tena baada ya goli, kana kwamba ulikuwa uwanjani peke yako.

Nauliza hivyo kwa sababu ya mechi ya Argentina na Uingereza, Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico, Maradona alipofunga kwa mkono. Mwamuzi wa kati alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia, na mshika kibendera Bogdan Dochev wa Bulgaria. Bennaceur ameeleza kwamba alimtazama Dochev ampe ishara, akamwona anarudi katikati, akakubali goli. Lile jambo liliwaandama wote wawili miaka na miaka. Mwaka 2015 Maradona alimfuata Bennaceur nyumbani kwake Tunisia, akampa jezi yenye maandishi ya kumwita rafiki wa milele. Kaa na mwamuzi wako wa kati, mwanangu. Kile kitendo cha yeye kukutazama nawe kukimbia kilikuwa mazungumzo ya watu wawili, na hamjayamaliza.

Sasa niende pale ulipotaka kupapita.

Unasema uliponyanyua kibendera mbalamwezi hii roho ilitulia. Jambo hilo waamuzi huliita kufidia. Uliona umewanyima timu ya mwaloni, ukawarudishia. Si wewe peke yako: mwaka 2001 watafiti Plessner na Betsch wa Ujerumani waliwaonyesha waamuzi na wachezaji matukio ya mechi kwenye video, wakakuta kwamba ambaye tayari ameipa timu moja penalti anakuwa mzito kuipa timu hiyo hiyo penalti ya pili. Moyo wa binadamu unataka mizani isimame sawa. Ubaya wake ni kwamba yule mshambuliaji wa dakika ya 20 hakuwepo kwenye mechi ya mwezi uliopita. Hakukuibia kitu. Alilipishwa deni la mtu mwingine.

Kwenye goli lile ilikuwa jicho lililochelewa. Hii ya dakika ya 20, kwa maelezo yako mwenyewe, jicho halikuwa na uhakika na mkono ukapanda. Unaweza kupima ni kipi kilitangulia: uliona nafasi ya mchezaji kwanza, au uliona rangi ya jezi? Jibu unalo wewe.

Na magunia ni kibendera kile kile. Mkono ulishajua. Umeniandikia vizuri sana, juu wakavu, katikati baridi, mmoja kajikunja kama jani. Dagaa aliyenyeshewa hudanganya kwa nje, kichwa na mkia hukauka mapema, tumbo linabaki na maji. Akifungiwa katikati ya gunia anavuta joto, na siku ya nne ukungu umeota. Hayo unayajua kuliko mimi.

Ila kuna jambo moja naomba uliangalie upya. Yule mama alikuomba? Kwa barua yako hakusema neno. Aliacha kukusalimia, nawe ukatafsiri kwamba kuna deni, ukalilipa kwa mali ya kikundi. Inawezekana alikuwa na uchungu wa mwanawe tu. Inawezekana pia alikuona wewe ndiye umenuna, watu wawili wakikwepana hakuna ajuaye nani alianza. Nadhani akijua kwamba magunia yake yalipita kwa huruma, na sasa ndiyo yanayotajwa kwenye ajenda, ataumia kuliko alivyoumia kwa goli. Halafu wapo wale wengine waliokesha wakigeuza dagaa, magunia yao 37 yakauzwa kwa bei ya ukungu. Hao hawajaacha kukusalimia, ndiyo maana hawamo kwenye barua yako.

Basi tuitazame Jumamosi.

Unaweza kukaa kimya kama anavyosema mwenyekiti. Inawezekana yapite kweli. Lakini magunia yana wenyewe, na mazungumzo yakianza yatamwangukia yule mama: aliyeanika vibaya ni yeye. Utakaa pale ukisikiliza mwenzako akibebeshwa peke yake mzigo ambao nusu yake ni wako. Uone kama unaweza kukaa hivyo saa mbili.

Unaweza kusimama ukasema yote, goli na magunia kwa pamoja, kama ulivyopanga. Hapo hofu yangu ni kwamba goli litameza magunia. Kikao kitageuka ubishi wa mpira, jioni kutakuwa na sauti yako kwenye WhatsApp iliyokatwa katikati, na wapo waliobeti watakaodai ulihongwa. Na utakuwa umekiri jambo usilolijua ili kulipia lile unalolijua, yaani kufidia mara ya tatu.

Njia nyingine ni kulisema la magunia tu, kwa kinywa chako: "Niliwapima, niliona unyevu, nikapitisha. Kosa la upimaji ni langu." Bila kueleza sababu ya moyoni, na bila kumtaja mwenye mzigo zaidi ya anavyojulikana. Njia hii ina gharama. Wanaweza kudai ufidie pengo la bei, na ni vizuri uende ukijua unaweza kutoa nini na kwa muda gani. Wanaweza kukuvua upimaji. Ukiichagua, nakusihi usimfanye yule mama alisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mfuate Ijumaa kwake, mapema, umwambie wewe. Hata kama atakufungia mlango.

Kuhusu kuacha upimaji, sina hakika kama shida ni wewe kupima au ni wewe kupima peke yako, huku unajua gunia ni la nani. Uamuzi wa mpira una watu watatu na sheria 17. Upimaji wenu una mkono mmoja. Kikundi kinaweza kuamua magunia yafike na namba, mwekahazina peke yake ndiye awe na daftari la majina. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja aandike kabla hajasikia la mwenzake, na wakitofautiana aitwe wa tatu. Sampuli zitoke sehemu tatu: juu, katikati na chini, konzi moja moja. Dagaa 10 wa kila konzi wakunjwe. Mkavu hukatika kwa mlio. Mkubaliane mapema wakijikunja wangapi gunia linarudi, na idadi hiyo iandikwe ukutani. Konzi moja itikiswe kwenye ndoo ya maji ili mchanga uonekane chini. Na saa iwe ile ile kila siku, mfano saa 10 jioni kabla umande wa ziwa haujaanza, maana dagaa wakilala wazi usiku huvuta unyevu tena, na anayepimiwa asubuhi ataonewa. Ukipeleka pendekezo kama hilo, iwe utabaki mpimaji au la, unakuwa umewaachia kitu. Ila ujue wapo watakaosema unajificha nyuma ya namba, na siku hiyo wana haki ya kusema.

Kibendera nacho, mumeo anaongea kwa kukuhurumia, na matusi unayopata si ya kuzoewa. Sitaki nimpinge. Nitakuuliza tu: ukiacha sasa, utakuwa umeacha kwa sababu hutaki tena, au ni adhabu unayojipa? Kati ya kuacha na kuendelea ipo nafasi. Unaweza kuiomba kamati isikupangie mechi za timu ya mwaloni msimu huu, kwa sababu nahodha ni mtoto wa mwanachama mwenzako na mahusiano yameingia doa. Ndivyo waamuzi wanavyofanya wakiwa na undugu au biashara na upande mmoja. Kwenye ndondo waamuzi ni wachache na kamati itanuna, lakini kununa kwa kamati kunapona. Au pumzika mbalamwezi moja, urudi kwenye mazoezi ya mstari: kukimbia kiubavu uso ukitazama uwanja, kubaki sawa na beki hata mpira ukiwa kule kwingine, na kusubiri kidogo kabla ya kunyanyua, mpaka uone nani anaucheza mpira. Lile la dakika ya 20 kwa kiasi fulani lilikosa huko kusubiri.

Ukiamua kubaki, mfuate mwamuzi wa kati kabla timu hazijatoka, mtembee wote wawili mstari wako kuanzia katikati hadi kona. Pakiwa na pikipiki, iondoke. Watu wasogezwe mita 2 nyuma, ivutwe kamba au zipangwe ndoo za mchanga. Mpaka hapo pawe wazi, filimbi isilie.

Niandikie Jumapili, hata mistari miwili.

Shangazi